Anzia Nyuma ya Jiko

Ukienda kutazama nyumba ya kununua huku kwetu, usianze na bati. Bati linang'aa hata juu ya njaa. Anzia nyuma ya jiko. Hapo ndipo mama wa nyumba amemwaga majivu, maganda ya ndizi na samadi ya mbuzi kwa miaka yote aliyokaa. Ukikuta migomba ya hapo ni minene kuliko ile ya mbali, ujue nyumba ilikuwa na mtu. Ukikuta yote myembamba, geuza mguu, maana utaulisha udongo miaka mitano kabla haujaanza kukulisha.

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kulea wadogo zangu, huko Rugu nilikozaliwa. Lakini kibanja nakijua. Kibanja ni nyumba pamoja na migomba na kahawa iliyoizunguka, na huku huwezi kuvitenganisha. Mimi na marehemu mume wangu tulinunua cha kwetu hapa Kamuli tukiwa bado vijana. Nasema tulinunua, si cha ukoo. Cha ukoo ukitaka kukiuza watainuka wajomba na mashangazi ambao hata msibani hujawahi kuwaona. Mume wangu mwenyewe alizikwa Rugu, kwa baba zake. Kwa hiyo kibanja cha Kamuli kilikuwa changu, kwa karatasi na kwa jasho.

Mwaka jana mwanangu wa mwisho alinijengea nyumba mpya juu barabarani. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, hivyo hakubana kitu. Bati la rangi, marumaru sakafuni, choo ndani, umeme. Alinileta nikiwa nimevaa kitenge cha kanisani, majirani wakapiga vigelegele. Nami nilishukuru, sitasema uongo.

Ila sikukaa. Nilikuwa nakaa kwenye kochi dakika tano nasimama. Nafungua mlango, nafunga. Marumaru yananitelezesha, jiko la gesi halitoi hata kijiko cha majivu, na nyuma ya nyumba ni moramu tupu na kifusi alichoacha fundi. Kila nikimenya ndizi natazama maganda nauliza, haya yanakwenda wapi? Na migomba yangu kule bondeni inakula nini leo?

Nikaanza kuyapeleka. Kila asubuhi ndoo ya maganda kichwani, nusu saa kwa miguu, nashuka nayo mpaka nyumba ya zamani. Namwaga nyuma ya jiko, nakata majani makavu, napanda tena. Siku nyingine mara mbili. Watu wa barabarani walinicheka. Kijana mmoja wa bodaboda nilimwomba anipakie, akaitazama ndoo.

"Bibi, na haya maganda nauli yake analipa nani?"

"Yatalipa yenyewe yakiwa mkungu."

"Basi nitayadai wakati huo," akasema, akaondoka zake bila mimi.

Mwanangu hakucheka. Alikuja Jumapili moja akanikuta miguu imevimba, nimeiloweka kwenye beseni. Akasema, "Mama, uza. Nyumba mbili kwa miguu miwili haiwezekani. Nyumba isiyo na mtu inakufa, wewe mwenyewe ulinifundisha."

Alisema kweli. Ukuta wa udongo usipopata moshi, mchwa wanapanda. Nilikwisha kuona njia zao kwenye nguzo ya varanda. Nikakubali, kwa sharti moja: mnunuzi nitamchagua mimi. Nilitaka mtu atakayewasha lile jiko na kulisha ile migomba. Bei ilikuja nyuma ya hilo.

Wakaja. Wa kwanza aligonga kuta kwa vifundo vya vidole kama anayepima tikiti maji. Akapiga picha za paa kwa simu. Akauliza umeme uko mbali kiasi gani. Nikamuuliza, "Nyuma ya jiko umeonaje?"

"Kwani nyuma ya jiko kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nenda salama."

Wa pili alitaka kufyeka migomba ajenge nyumba za kupangisha. Huyo sikumpa hata kiti. Wa tatu alikuja peke yake, mkewe hajui, anasema atamshtukiza. Nikamwambia aende akamlete. Hakurudi. Sikiliza, ukimuuzia mwanamume ambaye mkewe hajui, au ukinunua kwake, umenunua ugomvi, na karatasi yako mwenyekiti wa kitongoji hataigongea muhuri kwa moyo safi.

Mwanangu alichoka. "Mama, unauza nyumba au unatafuta mkwe?"

"Mkwe ningemchagua haraka zaidi. Mkwe anaweza kurudishwa."

Ndipo akaja mwanamke kutoka Songambele, na mume wake. Wazee wao walikuja zamani kutoka Rwanda, na hawa wawili wamelima mashamba ya watu tangu waoane, hawajawahi kuwa na mgomba wao. Mtoto alikuwa mgongoni. Akanisalimia, "Shikamoo mama," nikaitika, na kabla sijamaliza kuitika miguu yake ilikuwa inazunguka nyumba. Hakuingia ndani. Alienda nyuma ya jiko, akaokota kijiti, akakichomeka udongoni. Kikazama mpaka mkono ukagusa chini. Akakinusa.

"Hapa pamelishwa," akasema.

"Pamelishwa."

"Lakini jiko halina moshi. Nani anapalisha?"

"Mimi. Kwa ndoo."

Akanitazama miguu, iliyovimba. Hakunipa pole wala nini. Akauliza kama majivu nayo naleta. Nikasema kule juu hakuna majivu. Akatikisa kichwa kama daktari. Nikajua ni huyu. Mumewe alitazama nguzo, akaona mchwa, nikamweleza nguzo ipi ya kubadilisha. Tukapatana bei pale pale. Tukapanga siku ya kuzunguka mipaka na majirani na mwenyekiti wa kitongoji, wiki inayofuata.

Siku nne kabla ya hiyo siku, nilishuka na ndoo yangu. Upande wa chini, karibu na mpaka, niliona jani moja la njano limejikunja kama limemwagiwa maji ya moto. Nikasema ni upepo. Nikasogea. Mkungu wake ulikuwa umeiva ndizi tatu katikati ya mbichi. Nikakata ndizi moja, ndani ina kutu. Nikakata shina, nikangoja. Haukupita muda ukatoka usaha wa njano.

Mnyauko. Asiyelima ndizi hajui neno hili lina uzito gani. Ugonjwa huu unaweza kuingia shambani kwa mgomba mmoja na kutoka na shamba zima, na hauna dawa. Unang'oa, unafukia, unaomba Mungu. Nikatafuta, nikapata mwingine, na mwingine. Mitatu.

Nikasimama pale na panga langu mkononi, na nikalitazama lile panga.

Majuma machache nyuma nilimsaidia jirani mpya wa kule barabarani kukata migomba yake iliyokuwa imeanguka. Sikuuliza imeanguka kwa nini. Bwana shamba ametufundisha, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwarudia wengine mpaka wakanichoka: panga likitoka shamba hili kwenda lile, lipite motoni kwanza mpaka lisishikike. Jirani yangu wa chini nilishawahi kumfukuza kibanjani mbele ya wageni wake kwa sababu alikuja na panga lisilochomwa. Na mimi siku ile, kwa haraka zangu za kupanda na kushuka, jiko la kule juu halina moto wa kuni, nikashuka nalo hivyo hivyo. Mguu usiotulia ndio ulioleta ugonjwa. Si mguu wa mtu mwingine.

Niling'oa ile mitatu na mashina yake, kazi ya siku mbili, nikafukia shimoni. Nikampigia mwanangu, nikamweleza.

"Umeshang'oa?" akauliza.

"Nimeng'oa."

"Basi tandaza nyasi juu, nyamaza. Ananunua nyumba, mama, hanunui kila mgomba kwa jina lake. Na pengine umekwisha."

Pengine. Neno hilo lilikaa na mimi kama punje ya mchanga kwenye jicho. Nilitandaza nyasi. Nilitandaza vizuri, hata mimi mwenyewe ningepita nisione. Kisha zile siku zilizobaki sikujua pa kuweka mikono. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilifagia marumaru asubuhi na mchana. Chai nilipika nikaiacha ikapoa. Nikimwambia, ataondoka, na wengine wakisikia hawatakuja, na kibanja kitakufa bila mtu. Nisipomwambia, atapakia mtoto wake na sufuria zake aje kulala juu ya shimo langu. Nilijibishana hivi hata kanisani, mchungaji anahubiri mimi nahesabu mashina.

Siku ya mipaka ilifika. Alikuwepo mwenyekiti, majirani wa pande zote nne, mwanangu kavaa viatu vyake vya mjini, na wale wawili wa Songambele. Kwetu mpaka ni omuramura, ule mti mwembamba wa majani marefu ambao ukiupanda haufi, na aung'oaye ana kesi. Tunatembea kutoka omuramura mmoja hadi mwingine, kila jirani akifika kwake anasema, "Hapa ni sawa." Mzunguke mchana, nyote mkiwa na macho. Mpaka ulioonyeshwa kwa kidole ukiwa umekaa varandani si mpaka.

Jirani yangu wa chini, mzee mpenda rubisi, alikuwa anaharakisha watu. "Mwenyekiti, tembea, pombe ya mashahidi imeshaniona, inaniita."

Tukafika upande wa chini. Yule mama wa Songambele akapita juu ya zile nyasi. Mguu wake ulizama kidogo, kwa sababu udongo ulikuwa mpya. Alipiga hatua nyingine. Angeweza kupita. Jirani alikuwa ameshafungua mdomo aseme hapa ni sawa.

Nikasema, "Hapa si sawa."

Wote wakasimama. Nikaondoa nyasi kwa mguu mpaka udongo mwekundu ukaonekana. Nikasema, "Palikuwa na migomba mitatu. Mnyauko. Nimeing'oa juzi nikaifunika usione."

Mwanangu aligeuka akatazama bondeni. Mume wa yule mama akamshika mkewe kiwiko. "Twende. Mungu ametuokoa."

"Ngoja," mkewe akasema. Akanigeukia. "Uling'oa na shina lake?"

"Na shina lake."

"Mnyauko uliingiaje?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko pote. "Kwa panga langu. Sikulichoma."

Mzee wa chini akapiga makofi mara moja, paa! "Wewe? Wewe uliyenifukuza hapa kama mbwa mwizi, mbele ya shemeji zangu?"

"Mimi huyo huyo."

"Mwenyekiti, hilo nalo liandikwe!"

Watu wakacheka, nami nikaacha wanicheke. Yule mama hakucheka. Alikwenda akazunguka migomba iliyo karibu na shimo, mmoja mmoja, akainua majani, akatazama mikungu kwa chini. Alichukua muda mrefu mpaka mzee akasahau rubisi. Aliporudi alimwambia mumewe, si mimi: "Vibanja vyote tulivyotazama vilikuwa vizima kabisa kwa maneno ya wenyewe. Hiki walau najua kinaumwa nini."

Wakabishana kwa Kinyarwanda, kando, mtoto analia. Kisha mwenyekiti akaandika walichokubaliana nami. Wahamie, wawashe jiko, walishe migomba. Fedha isitoke mpaka mvua za masika ziishe. Kila mgomba utakaougua, bei ishuke. Ikizidi kumi, waondoke bila deni. Na sharti la mwisho alilitaka yule mama mwenyewe, akamwambia mwenyekiti aandike kwa herufi kubwa: mimi nisiingie kibanjani na panga.

Niliweka sahihi. Tulipofika barabarani mwanangu akasema, "Umeniharibia bei, mama."

"Nimeiharibu kwa panga. Kwa mdomo nimeitaja tu."

Sasa mvua zinanyesha. Asubuhi natoka nje kabla ya chai natazama bondeni, na moshi upo, mweupe, unapita katikati ya majani. Mara moja nilishuka kusalimia. Nilichomeka panga langu kwenye nyasi nje ya mpaka, nikaingia mikono mitupu kama mgeni. Pale penye shimo yule mama amepanda maharage, ndivyo inavyotakiwa, maana maharage hayashikwi na mnyauko. Alinipa uji. Nilikaa kwenye kigoda changu cha zamani na sikusimama mpaka uji ukaisha.

Mgomba wa nne uliugua wiki mbili baada ya wao kuhamia. Alinipigia simu, hakusalimu kwanza. "Mama, wa nne. Nimeshaung'oa." Tangu hapo hajapiga kwa sababu hiyo. Simu naiweka dirishani, ikilia naikimbilia, na mara nyingi ni mwanangu anauliza kama nimekula.

Ndoo ya maganda bado inajaa kila siku. Jana nimechukua jembe nikavunja moramu nyuma ya nyumba hii ya marumaru, karibu na mlango wa jiko. Nimefika kina cha goti, jembe limepinda. Nimemwaga maganda humo, nikafunika. Leo nimelinyoosha jembe kwa jiwe, nimerudi kuchimba shimo la pili.