Daktari wa TV asiyesalimia watu, na tumbo la mama

Wakuu, habari za mchana. Hii niliiona kwa macho yangu mwenyewe hapa Isiolo, chumvi sijaongeza.

Kulikuwa na series ya madaktari ikionyeshwa alasiri, ule wakati joto limelaza mji mzima. Main actor ana roho mbaya ajabu. Hasalimii mtu. Anakula ndizi ya mgonjwa huku mgonjwa anamtazama.

Nilimchukia kabisa, na sikukosa hata episode moja. Nielezeni hiyo ni nini.

Mama alikuwa amekuja kukaa nami kutoka Oldonyiro. Ni Mturkana wa kuchunga mbuzi, Kizungu cha hiyo series hajui. Alijilaza mkekani, pazia likipepea, mwanga wa TV ukimpita usoni polepole. Nikidhani amelala, anacheka.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, huyu mtu mbaya unampendea nini?"

Akajibu macho yakiwa yamefumbwa. "Huyu hasalimii. Huyu mimi ningemwambia."

"Ungemwambia nini?"

Akageukia ukutani. Pazia likaingia, likatoka.

Sasa wakuu, kwetu ukisalimiwa "Ejoka?" unajibu "Ejok", mzima, hata kama nyumba inaungua. Ukishasema hivyo, mama yangu anaona aibu kugeuka tena na kulia shida.

Nilikuwa nimempeleka clinic mara mbili, maana usiku nilimsikia akiguna. Daktari kijana, mpole, anamsalimia kwa Kiturkana. Mama anajibu mzima. Tunarudi na dawa za maumivu, nami njiani namsifu yule kijana kwa adabu!

Nikazima TV. Nikakunja uso kama yule mwovu.

"Wewe! Wapi inauma?"

Kumwita mama "wewe" si mchezo. Alifungua macho, akanitazama kama mtu asiyenijua. Kisha akachukua mkono wangu, akauweka chini ya mbavu zake. Kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo. Kesho yake asubuhi nikampeleka hospitali.

Scan ilionyesha uvimbe wa maji kwenye ini. Ungepasuka tumboni, leo ningekuwa naandika mengine. Akafanyiwa operation, akapona.

Series iliisha bila sisi, sijui hata yule daktari aliishia wapi. Lakini kila asubuhi naingia kwa mama nimekunja uso, salamu hakuna. "Wapi inauma?" Majirani wanasema mji umeniharibu. Mama anacheka mpaka machozi, halafu ananionyesha goti.

Funzo langu ni hili: huenda nyumbani kwako kuna mtu anajibu "mzima" kwa sababu tu umemuuliza vizuri.

Haya, nani mwingine alimpenda mtu mbaya wa TV, na kwa nini? Andikeni hapa chini. Salamu si lazima.