Maji ya Chumvi kwenye Koti Jeupe

Doa lile kwenye koti langu la maabara lilikuwa maziwa. Nililikana kwa muda mrefu, mbele ya watu wenye macho na pua, nikisema ni maji ya chumvi. Sasa nimestaafu, koti limekuwa tambara la jikoni, na aibu ile haina tena cha kulinda.

Siku ya kwanza niliingia maabara ya fiziolojia, pale Bujumbura, na shahada yangu na viatu vya kisigino. Profesa, mkuu wa maabara, alinipa kisu na chupa ya barafu, akanituma machinjioni.

"Lete hipofizi, Madamu. Ukileta kitu kingine, utakirudisha kwa ng'ombe mwenyewe."

Hipofizi ni tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa. Nilirudi na mafuta matupu. Kesho yake nilivaa ndala, nikaipata.

Tezi hiyo ina sehemu mbili. Ya mbele hupokea amri za ubongo kwa njia ya damu. Ya nyuma ni neva zenyewe: nyuzi zashuka kutoka ubongoni, na kwenye ncha zake zimehifadhi kemikali ambazo habari ikifika humwagwa kwenye damu. Mojawapo ni oksitosini. Mtoto akinyonya, au akilia tu, nyuzi hizo hupata habari na maziwa husukumwa nje.

Darasani tulionyesha nguvu yake hivi: kipande cha mji wa mimba wa panya kilitundikwa katika maji ya chumvi ya uvuguvugu, kikafungwa uzi wenye sindano iliyochora juu ya karatasi nyeusi ya masizi, iliyozungushwa na ngoma, yaani silinda ya mashine. Ukidondosha maji ya tezi, msuli hujikaza na sindano hupanda. Kupaka masizi ilikuwa kazi yangu. Nilirudi nyumbani kila siku na uso wa mchoma mkaa.

Kisha vita vikafika mtaani kwetu. Mama yangu alimchukua Keza, binti yangu aliyekuwa bado ananyonya, akavuka naye kwenda Tanzania. Mimi nilibaki kwa sababu mshahara wangu ndio uliotulisha sote. Habari zikakatika.

Nilianza kujifungia msalani, nikikamua maziwa na kuyamwaga, maana titi lisilokamuliwa hukauka. Risasi zikilia hayakutoka. Hofu huzibana zile nyuzi. Nilikuwa nafundisha hivyo kwa chaki, kana kwamba ni habari za ng'ombe. Lakini akipita mama na mtoto anayelia nje ya dirisha, koti lililowa.

"Chumvi imenimwagikia," nilisema.

"Chumvi gani inanuka maziwa?" aliuliza Mama Zawadi, Mkongomani aliyeosha vyombo vya maabara. "Mama Keza, funga kifua na kitenge, ikauke. Unajitesa bure."

"Ikauke nini? Mi sina kitu."

Alinitazama, akaenda kuniletea koti lingine. Alitaka kunipunguzia maumivu. Ila kwangu, kufunga kitenge kile kungekuwa kumzika mtoto ambaye sikuwa na habari ya kifo chake.

Vijana huniuliza kazi ile ilinifunza nini. Ngoma ya masizi siku hizi ni pambo kabatini, kompyuta inachora bila kumchafua mtu. Nilichobaki nacho ni heshima kwa ile sehemu ya nyuma ya tezi. Mimi nilikana kwa ufasaha wa chuo kikuu. Yenyewe haikukana hata siku moja.

Siku zile za vita, simu ilikuwa mezani kwa Profesa, humo humo maabarani. Asubuhi moja, darasa limeizunguka ngoma, akaniita. Ilikuwa sauti ya mama yangu.

"Tuko Kigoma, posta. Watu nyuma yangu wananuna, sikiliza haraka."

"Mutoto?"

"Anakataa chupa, anakataa uji, anakataa na mi. Sikia mwenyewe."

Keza alilia sikioni mwangu, kwa hasira, sauti imekwaruza. Koti lilikuwa limelowa hadi kiunoni.

Profesa alivua jaketi lake, akanifunika mabegani bila kunitazama. "Chumvi ya leo ni nyingi, Madamu," alisema polepole.

"Sasa niambie," mama akasema. "Kama maziwa ilikauka, tutabaki huku, kuna ya kopo. Kama ingaliko, narudi naye na meli. Iko ao haiko?"

Wanafunzi walikuwa wamenigeukia, na sindano ya ngoma ilichora mstari ulionyooka.

"Iko, mama," nikasema, wote wakasikia. "Mulete."