Kikao cha Ndoa Nilichokwenda na Ubao

Nianze na sifa, maana aibu iko njiani. Diploma yangu ya ushauri wa mahusiano niliisotea Uturuki nikiosha vyombo hotelini, na leo imetundikwa sebuleni, Boko, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe.

Baba mkwe alinipigia simu: "Njoo Temeke Jumapili, kuna kikao cha ndoa." Nikajua ni ndoa ya shemeji yangu Rehema, ambaye ugomvi wake na mumewe husikika mtaa mzima. Mke wangu Zuhura alishatangulia huko wiki nzima. Sie hatugombani. Zamani alikuwaga analalamika, nikamwonyesha diploma ukutani, na sasa mwezi mzima kimya, amani tupu.

Nilifika na ubao na kalamu za rangi. Nikawaamkia wazee, akiwemo Mzee Kombo, mshenga aliyenipelekea posa. Nikafurahi kwamba naye amekuja kunisikiliza.

"Mapenzi hayafi kwa kelele," nikafundisha huku nikichora. "Kwanza mtu hulalamika. Asiposikilizwa, hunyamaza. Akishachoka kunyamaza, huwapelekea ndugu. Hapo kuokoa ni kazi!"

"Umemaliza, shem?" Rehema akauliza, kajiziba mdomo na mtandio.

Mzee Kombo akakohoa. "Umefundisha vizuri sana, mwanangu. Sasa kaa. Mie Rehema sikumposa. Nilimposa Zuhura."

Zuhura alikuwa ameinamisha uso. Nyuma yangu, ubaoni, hatua zote tatu nilikuwa nimezipatia.