Trela ya Farasi na Maksai wa Harusi

Nakumbuka siku moja ya mwaka 2012, mwanangu, askari wa barabarani alinisimamisha pale tunapotoka Lodwar kuelekea Kakuma, akaniuliza swali ambalo hadi leo nalipenda. Hakuanza na leseni. Aliizunguka trela niliyokuwa nikiivuta, akaja dirishani, akasema:

"Mzee, hii kitu yote ina uzito gani?"

Nikacheka. Uzito? Gari lilikuwa limeivuta kutoka sokoni bila hata kuguna. Kama linavuta, swali liko wapi?

Ngoja kwanza unijue. Mimi sikusoma. Darasa la nne nilitoka, nikaenda kuosha malori, nikawa tanboi, msaidizi wa dereva, nikashika usukani, na mwaka ule nilikuwa na pikapu mbili zangu, hakuna mtu aliyenisaidia hata kununua tairi. Hilo nalisema na sitaona haya, maana mwenye jogoo wake humwacha awike. Trela nayo niliitoa Kitale, kwenye shamba lililokuwa likifuga farasi na kisha likaacha. Lodwar hatuna farasi. Watu walikuja kuichungulia, ndani ina mpira sakafuni na matakia ubavuni, na mama mmoja muuza mkaa akauliza, "Huyo farasi alikuwa anakaa humu na bibi yake?"

Siku hiyo ndani yake hakukuwa na farasi. Kulikuwa na maksai wa harusi ya mdogo wangu, Ekai.

Kwetu Waturkana, mwanangu, mahari inaweza kutembea kwa miguu, na ya Ekai ilikuwa imekwisha kutangulia: mbuzi, ngamia, punda. Lakini maksai wa kuchinjwa ndiye anayefunga ndoa. Lazima aingie bomani kwa baba wa binti akitembea mwenyewe, mzima, pembe mbili, kwato nne. Akichechemea, amekataliwa. Mwaka ule nyasi zilikuwa haba, tukaogopa kumtembeza. Na huyo mkwe wa Kakuma alikuwa mtu mgumu. Alikuwa ametuma neno: maksai afike kabla ya jua la siku hiyo kuzama, la sivyo wazee wake wanatawanyika, na binti ana mchumba mwingine anayesubiri. Ekai alikaa kando yangu, anatafuna mswaki mpaka umekuwa brashi.

Nyuma yake alikaa mjomba wetu, kaka wa mama, ambaye tulimwita Apa kama anavyoitwa baba. Mzee wa fimbo na kigoda, mwenye maswali kuliko mtoto.

"Uzito ni wa farasi wawili," nikamjibu askari. "Mwenye shamba aliniambia. Mimi nimebeba ng'ombe wawili tu, maksai na mwenzake wa kumtuliza, na ng'ombe wetu ni wadogo kuliko farasi. Hesabu imeisha."

"Na yale mapipa?"

"Hayo ni maji, afande."

"Na magunia?"

"Sukari na tumbaku ya wazee."

Askari akainama akafuta vumbi kwenye bamba la chuma mbele ya trela. "Njoo usome." Nikasoma tarakimu, hizo nazijua vizuri kuliko herufi. Trela tupu, kilo mia tisa. Trela na mzigo wake, isizidi elfu mbili. Kisha akasoma kitabu cha pikapu yangu, ambacho sikuwahi kukifungua: gari linaruhusiwa kuvuta elfu moja na mia nane, trela yenyewe ikiwa ndani ya hesabu.

"Sasa ni ipi?" nikamuuliza. "Elfu mbili au elfu na mia nane?"

"Ile ndogo. Siku zote ile ndogo. Na tena, trela haikuwa ikiyumba unapokuja?"

Ilikuwa ikiyumba kweli! Mimi nilidhani ni upepo. Akanionyesha: mapipa nimeyaweka nyuma kabisa ya trela, yanaibonyeza mkia, trela inainua matako ya pikapu, na tairi za nyuma za gari zinashika ardhi kwa shida. Akasema hataniruhusu kupita mpaka nijue nimebeba nini. Ekai akatema kipande cha mswaki. "Kaka, jua linakwenda."

Tukarudi mjini kwa daktari wa mifugo. Alikuwa na utepe. Akauzungusha kifuani kwa maksai, nyuma ya miguu ya mbele, akasoma: mia tatu na arobaini. Yule mwenzake, mia tatu na kumi. Apa akashangaa mno. Akaushika ule utepe, akaugeuza pande zote.

"Kamba inajua uzito bila kumwinua? Nipime na mimi."

"Mzee, hii ni ya ng'ombe."

"Bibi yangu anasema mimi ni ng'ombe. Pima."

Basi, tukajumlisha pale chini kwa mawe, jiwe moja kilo mia. Ng'ombe mia sita na hamsini. Trela mia tisa. Magunia mia mbili. Hapo bado tuko salama, ingawa kwa kubanana. Yakaja mapipa: mawili, kila moja lita mia mbili, na lita moja ni kilo moja. Haba na haba hujaza kibaba, mwanangu. Mawe yalipita elfu mbili na mimi nimesimama nayatazama tu.

Unajua kwa nini sikuyahesabu yale maji? Kwa sababu huku kwetu maji hayaitwi mzigo. Mzigo ni unga, ni kuni, ni mahema. Maji ni maji, unabeba yote utakayopata na unashukuru. Hakuna mtu Turkana aliyewahi kuambiwa amebeba maji mengi mno.

Nikasema, "Haya, ng'ombe wanywe sasa hivi, mapipa yabaki matupu, twende."

Daktari akanitazama. "Maji yakitoka pipani yakaingia tumboni, yamepungua wapi?"

Apa alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akanikabili, na maneno aliyoniambia ndiyo nakupa leo.

"Tangu asubuhi unasema, gari langu linavuta, gari langu linavuta. Mimi nina punda. Punda akipanda ukingo wa mto na mzigo, akichoka atasimama, hakuna kilichoharibika. Lakini akishuka? Mzigo uko nyuma yake, unamsukuma. Punda hupimwa kwenye mteremko. Usiniambie unavuta nini. Niambie unaweza kuzuia nini."

Magunia tukayapandisha basi la Kakuma. Pipa moja tulilitoa pale pale, na kabla halijakaa sawa chini akina mama walikuwa wamefika na madebe, wanaombea harusi yetu baraka. Pipa lililobaki tukalisogeza mbele. Tuliporudi pale barabarani, askari akairudia hesabu yetu kwa mdomo, akainua mkono: "Pita. Na bibi harusi umsalimie."

Tulikuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya njia nilipoanza kushuka luga moja, mto ambao siku zote huwa mchanga mkavu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, sisi hatukuiona. Maji mekundu yalikuwa yanapita, na lori limesimama ukingoni likingoja. Nikakanyaga breki. Nikahisi trela inanisukuma mgongoni, kama mtu anayekuja na hasira, pikapu ikateleza, ikateleza, ikasimama. Kati yetu na lori ungeweza kuweka kitanda kimoja. Ekai alikwisha kuruka nje, anakimbilia trela. Maksai alikuwa amesimama kwenye matakia ya farasi, anacheua.

Maji yalipopungua tukavuka. Kakuma tuliingia jua likiwa limegusa vilima. Mkwe alimzunguka maksai, akamwinua kwato moja baada ya nyingine, akamshika pembe. Kisha akamgeukia Ekai, akamtemea mate ya tumbaku kifuani, baraka ya wazee, akasema, "Mwingize."

Akaingia kwa miguu yake minne.

Basi, mwanangu, sikiliza. Ukifunga trela nyuma ya gari, usihesabu wanyama ukaacha mengine. Hesabu trela yenyewe, hesabu maji, hesabu majani, hesabu na shangazi akikaa humo. Soma bamba la trela, soma na kitabu cha gari, ushike kiwango kilicho kidogo. Usipojua, uliza. Mimi niliyejitengeneza kwa mikono yangu nakuambia, kuuliza hakukunipunguzia hata nywele moja. Na kazi zako nyingine, ukoo, biashara, ahadi unazotoa mbele za watu, zipime vilevile: tazama kama utaweza kusimama nazo njia ikiteremka.

Akuj, Mungu wetu, akulainishie njia. Akupe mifugo yenye afya, mvua ya wakati wake, na wazee wa kukuuliza maswali. Uendako ufike, na unaowapelekea wakukute mzima.