Siku Niliyomwozesha Mjukuu Wangu na Mikono Imejaa Grisi

Aibu hii naisimulia mwenyewe, maana hapa Msambweni imekwisha kufika mbali kuliko baiskeli yangu, na kila anayeisimulia anaiongezea chumvi.

Alasiri ile nilikuwa nimwozeshe mjukuu wangu Mwanaisha (babake ametangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwa hivyo walii wake ni mimi), na bwana harusi na jamaa zake walikuwa wamewasili kutoka Mkwiro. Moyoni nilikuwa na dukuduku moja: Mwanaisha atavushwa maji aende kwa kina mumewe, na bibi yake, ambaye macho yake yamefifia, atabaki bila wa kumshika mkono. Wakati wa posa niliwagusia wakwe hilo, lakini mwisho nikakubali.

Sasa, cheni ya baiskeli ilikuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa, nikasema siwapitii wakwe na kelele hizo, ngoja niisafishe mara moja. Nikaivua, nikaitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, nikaisugua kwa mswaki mkuukuu, na ile raha ya kuona chuma kinang'aa ikaniteka, nikasugua pingili hii, na hii, na hii, hadi adhana ikanikuta mweusi mpaka viwikoni.

Nikairudisha, nikavaa kanzu, nikapanda, cheni kimya kabisa (alhamdulillahi, hilo lilifaulu). Kufika kwenye hodhi ya msikiti nitie udhu, nikakumbuka nililowafundisha watoto wa madrasa miaka yote: grisi huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na udhu hautimii. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa mchanga, watu wakasali, wakamaliza, wakakaa kungojea nikahi, na mimi bado nasugua.

Ndani ikanong'onwa kwamba walii amegoma. Akatoka baba wa bwana harusi, jasho linamtiririka chini ya kofia, nami kwa haya nikaficha mikono nyuma, ndio nikaharibu zaidi.

"Mzee wangu, usitufedheheshe," akasema kwa sauti ya chini. "Kama ni hilo la kumhamisha binti, basi waishi huku huku kwenu. Nimeridhia."

Moyo uliniruka! Ningenyamaza tu, ningepata. Lakini nimnyamazie mtu mlangoni mwa msikiti? Nikamtolea mikono.

"Sijagoma, mkwe wangu. Nilikuwa nasafisha cheni ya baiskeli."

Akaitazama mikono, akanitazama mimi, akacheka hadi akaketi kwenye ukingo wa hodhi, kisha akawaita wenzake waje waone. Jirani akaleta mafuta ya nazi, grisi ikalegea, nikatawadha, nikasali, nikaenda kumshika bwana harusi mkono, na wangu ulivyokuwa ukinuka mafuta ya taa, maskini akapiga chafya katikati ya kukubali, ikabidi arudie.

Tulipokuwa tukila halua nyumbani kwangu nilimwambia mkwe wangu kwamba neno alilolitoa kwa hofu simdai. Yeye alikuwa akimtazama Mwanaisha akimwongoza bibi yake taratibu uani.

"Nimekwisha kulisema, mzee," akajibu. "Wabaki."

Wamebaki, nyumba ya pili kutoka kwetu. Nami nimeapa sigusi tena cheni siku ninayongojewa na watu, hata ilie vipi, kwa sababu wakwe wa Mkwiro hawanipi salamu siku hizi kabla ya kusema, "Sheikh, tuonyeshe mikono kwanza," nami, kwa subira, naionyesha.