Riwaya Iliyohukumiwa Sebuleni Kwetu

Walisema kwa kusoma riwaya sitamaliza hata darasa la saba. Leo nimerudi Muleba na diploma yangu, na juzi mjini Bukoba nilimwona sista amezama kwenye riwaya ya mauaji, nikacheka peke yangu.

Utotoni, kijijini Kishanda, jumuiya yetu ya kanisa ilikutana kwetu kuihukumu riwaya niliyokutwa nikiisoma, ya padri aliyeuawa. Sebule ilinukia nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni na kahawa ya kutafuna. Katekista aliisoma kwa sauti ili wausikie ubaya wake.

"Yesu na Maria!" akina mama walipiga kelele. Nilidhani ni hasira. Sasa najua ulikuwa utamu.

Katikati ya kitabu katekista akakifunga. "Inatosha. Kichomwe."

Bibi akasimama mlangoni. "Waitu, katekista wetu, hutoki hapa mpaka tumjue muuaji!"