Mwosha Vibuyu vya Tembo

Siku ya kwanza kazini nilivunja kibuyu. Nilikuwa nimetoka Kaole alfajiri kwa miguu, na kikaniponyoka mbele ya Bi Mkubwa, mwenye nyumba ya tembo, pombe ya mnazi, nyuma ya uwanja wanakolala wapagazi wa misafara, hapa Bagamoyo. Hakunigombeza. Aliokota kipande, akakinusa, akanipa nami ninuse.

"Unasikia harufu gani?"

"Ya uchachu, Bi Mkubwa."

"Basi umenisaidia. Hicho kilishakufa zamani."

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla Wadachi hawajatia mguu. Ninyi wa pombe za chupa hamwezi kuijua kazi ile. Mgema hukata ncha ya karara, ile ala ya maua ya mnazi, akatundika kibuyu kukinga maji yake. Asubuhi tembo ni tamu, jioni ni kali, kesho kutwa ni siki. Kazi yangu ilikuwa kuizuia hiyo kesho kutwa. Shingo ya kibuyu haipitishi mkono, kwa hiyo nilitia majivu, mchanga na maji ya moto, nikatikisa mpaka mabega yakauma. Kisha nilisuuza, nikafukiza kwa moshi wa makumbi ya nazi, nikaanika juani. Tembo lenyewe sijalionja mpaka leo.

Mama yangu hakuipenda kazi hii. Baba alikuwa amefariki, tumebaki wawili, na chakula nilicholeta alikula kwa kuwa hakuna kingine. Lakini maji ya udhu nikimchotea, aliyamwaga akachota mwenyewe. Siku moja akaniambia, "Tatu, nikifa, mikono hiyo isinioshe." Kwetu binti ndiye wa kwanza kuitwa kumwosha mamaye. Niliumia.

Nikaona dawa ni kuzidisha usafi, maana tulifundishwa kwamba usafi ni katika imani. Niliondoa mashapo yote, yale masalia ya tembo la jana, nikachemsha kila kitu, hata kata za kuchotea. Jioni wapagazi walikunywa wakabaki macho makavu kama wamekunywa madafu.

"Tatu," akasema Bi Mkubwa, "umeosha mpaka ulevi umeuosha. Acha mashapo ya kidole kimoja."

Nikaacha ya kidole kimoja. Kidole changu kumbe kinene, tembo lote likageuka siki, na wanawake wa mjini wakaja na mabakuli kujichotea ya achari. Bi Mkubwa akanipeleka Kerege kwa Mgema Mkuu, nikajifunze upya. Yule mzee akanipa amri yake: "Osha vyote, usiache hata tone. Mashapo ni mambo ya Bagamoyo." Na tembo lake lilikuwa kali vilevile. Nikamuuliza ukali unatoka wapi, akaangalia minazi, akasema hata yeye hajui. Nilirudi nimebeba amri mbili zisizopatana, na kila moja ina ushahidi wake.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu wa chuo chetu cha Kurani, Kaole. Sikwenda kwa ajili ya vibuyu, nilikwenda kwa ajili ya mama.

"Shikamoo, mwalimu. Tembo likiwa tamu bado, hukumu yake nini?"

"Marahaba. Halali."

"Likiwa siki?"

"Likigeuka lenyewe, halali. Mke wangu anayo jikoni."

"Na katikati?"

"Katikati haramu. Hilo unalijua."

Nikahesabu mwenyewe. Nikizidisha usafi, halali. Nikiwa mchafu mvivu, halali. Nikiifanya kazi yangu sawasawa, hapo ndipo haramu. Nikamweleza hivyo mwalimu. Akaniambia niache kazi. Nikamuuliza mama atakula nini. Akasema ataniombea dua.

Sikuacha. Sijivuni kwa hilo wala sijitetei. Niliosha miaka mingine mitano, nikawa mkuu wa waosha vibuyu, mama akiendelea kumwaga maji yangu.

Kisha akaugua, akashindwa kuinuka. Nilimchotea maji nikayaweka, nikangoja ayamwage. Akayatazama muda mrefu, halafu akaninyooshea miguu, nikamtawadhisha. Tulifanya hivyo siku tisa.

Alipofariki nilikaa nje ya pazia alikokuwa akioshwa. Mwosha maiti, mama mmoja mtu mzima wa pale kijijini, akatoka akiwa na maji ya majani ya mkunazi.

"Binti mbona huingii?"

"Alinikataza."

"Lini?"

"Zamani."

"Na mwishoni alisemaje?"

"Mwishoni hakusema kitu."

Akaniinulia pazia. "Mwosha huoshwa, mwanangu. Njoo umshike kichwa."

Sikurudi tena kwa Bi Mkubwa. Nililima mihogo mpaka nguvu zikaniishia, na vijana wakija kuniuliza jinsi ya kuosha kibuyu nawaambia majivu, mchanga na moshi, kwa uhakika wote wa mtu mzima. Ila mama nilimwosha, kwa mikono hii, toka kichwani hadi miguuni. Mpaka leo sijui kama siku ile nilimtii au nilimwasi.